Mafuta ya Kujaza Nywele: Yaliponifaa na Yalipogonga Mwamba

Mafuta haya niliyanunua katika kipindi ambacho kitana kilikuwa kikitoka kichwani mwangu kimejaa nywele kila asubuhi, na lebo yake iliahidi mambo mawili kwa mpigo: kulainisha nywele kavu na kujaza zilizopungua, yote ndani ya wiki 6. Kampuni siitaji, kwa kuwa chupa za namna hii ni nyingi na ahadi zao zinafanana. Kilichomo ni mafuta ya mbarika, mafuta ya nazi na mafuta kidogo ya rozimari. Nimeyatumia kwa miezi 6 bila kuruka wiki, na nitayapima kwa kila ahadi peke yake.

Kwa upande wa ukavu, yamefanya kazi. Unywele uliokwisha kuchomoza nje ya ngozi hauna uhai. Ni uzi wa protini uliofunikwa kwa magamba membamba yaliyolaliana kama vigae vya paa. Magamba hayo yakiinuliwa na pasi ya moto, dawa ya kunyoosha, rangi au shampuu kali, unyevu hutoroka, nao unywele hukakamaa na kukatika kwa urahisi. Nywele za kipilipili huteseka zaidi, kwa sababu mafuta yanayotolewa na ngozi ya kichwa hushindwa kuteremka katika mizunguko yake yote hadi kwenye ncha. Mafuta ya nazi ni miongoni mwa machache yanayopenya ndani ya unywele na kupunguza upotevu wa protini wakati wa kuosha, ilhali ya mbarika ni mazito na hubaki juu yakiziba. Jambo ambalo lebo haikulisema, na ambalo lilinigharimu wiki mbili za kupaka bure kwenye nywele zilizokwisha kukauka, ni kwamba mafuta hayaongezi maji bali huyafungia yaliyopo. Nilipoanza kuyapaka mara tu baada ya kuosha, nywele zikiwa na unyevunyevu, ncha zilianza kupindika vidoleni bila kuvunjika.

Kwenye kujaza, yaligonga mwamba. Wiki ya nane ilipopita bila badiliko, nilitandaza kitambaa cheupe nikachana nywele juu yake, kisha nikazitazama moja moja karibu na dirisha. Chache zilikuwa vipande vifupi visivyo na chochote mwishoni. Hizo zilikuwa zimekatika. Nyingi zilikuwa ndefu na zilibeba kinundu cheupe upande mmoja. Hizo zilikuwa zimenyonyoka kutoka kwenye shina. Kiswahili kinayatenganisha mambo haya mawili vizuri sana, na inasikitisha kwamba lebo inayachanganya, kwa maana mafuta yanayopakwa kwenye uzi hayawezi kutibu kilichoanzia ndani ya mwili.

Kichwa huwa na nywele zipatazo 100,000, na kupoteza kati ya 50 na 100 kwa siku ni kawaida. Hata hivyo mwili ukipata mshtuko mkubwa, kama vile homa kali, kujifungua, upasuaji au kukonda ghafla, nywele nyingi huingia kwa pamoja katika kipindi cha mapumziko, na huanguka miezi miwili au mitatu baadaye, wakati mhusika amekwisha kusahau ugonjwa na anailaumu shampuu ya wiki iliyopita. Nilipohesabu nyuma, nilikuta kwamba homa iliyonilaza kitandani ilitangulia kununua chupa hii kwa miezi mitatu hivi. Daktari wa ngozi aliagiza vipimo vya damu: tezi ya thairoidi ilikuwa salama, akiba ya madini ya chuma ilikuwa chini. Nilipewa vidonge, ambavyo mtu hapaswi kujinunulia bila kipimo, kwani chuma kikizidi hudhuru. Vinywele vipya vilijitokeza kwenye paji katika mwezi wa tano wa kuyatumia mafuta, na sifa hiyo siwezi kuyapa mafuta, maana nywele zilizoanguka kwa sababu ya homa kwa kawaida hurudi zenyewe. Ahadi ya wiki 6 yenyewe haishikiki: unywele hukua kama sentimita 1 kwa mwezi.

Kinachoniudhi kuliko yote ni picha ya kwenye boksi, ambamo mwanamke amesukwa na kubanwa hadi ngozi ya paji imevutika. Mvutano wa namna hiyo, ukidumu miaka, huua mashina ya nywele za pembeni, na mashina yakishakufa hayaoteshi tena. Aliyeanza kuona dalili hiyo anahitaji kufumua kwanza. Anayepungukiwa utosini taratibu kwa urithi yuko katika hali nyingine kabisa, na kwake ipo dawa ya kupaka ya minoksidili, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1988. Hiyo nayo hudai miezi kadhaa ya subira, na faida yake hupotea mtu akiiacha.

Niongeze kwamba nilipoyapaka kwenye ngozi ya kichwa kama maelezo yanavyoagiza, mba ziliongezeka na muwasho ukaninyima usingizi, hivyo mwenye mba ayaweke mbali na ngozi. Kwa nywele kavu nayapa nyota 4 kati ya 5. Kwa nywele zinazonyonyoka siyapi hata moja. Chupa ya pili ninayo, na matone manne au matano yanatosha kwa ncha zote siku ya kuosha.