Kompyuta ya ABS ya tela: tazama plagi kabla ya kuuliza bei

Masika yaliyopita nilinunua kompyuta iliyotumika ya ABS, mfumo unaozuia matairi yasijifunge dereva anapokanyaga breki, kwa ajili ya tela langu la ekseli tatu, linalobeba mizigo kati ya Dar es Salaam na Tunduma. Muuzaji, ambaye duka lake sitalitaja, aliiunganisha na betri mbele yangu, valvu zikalia moja baada ya nyingine kama inavyotakiwa, nami nikalipa nusu ya bei ya mpya huku nikijiona mjanja. Kwa siku tisa taa ya onyo haikuwaka. Siku ya kumi mvua ilitunyeshea kabla ya kufika Mikumi, taa ikawaka na haikuzima tena, hadi fundi wangu wa umeme alipochomoa plagi za sensa na kunionyesha pini zilizoota kutu ya kijani. Mpira wa kuzuia maji, ambao ulipaswa kuizunguka plagi ile, haukuwapo kabisa.

Kwamba kompyuta ilingane na volti 24 za gari na idadi ya ekseli zake, kila fundi analijua, kwa hiyo sitalirudia. Jambo ambalo wanunuzi wengi hulipita bila kulitazama ni plagi, na ili kueleza kwa nini ninalishikilia hivyo, ni lazima nieleze kwanza kifaa chenyewe kinavyofanya kazi.

Sensa ya tairi ni sumaku iliyozungushiwa koili, nayo hukaa karibu sana na ringi yenye meno, kwa kawaida meno 100, inayozunguka pamoja na habu. Meno yanapopita mbele yake, koili huzalisha umeme mdogo unaogeukageuka, na kompyuta huyahesabu mageuko hayo ili kujua kasi ya tairi. Dereva anapokanyaga breki, kompyuta huilinganisha kasi hiyo na kasi inayoikadiria kuwa ya gari lenyewe. Ikiona tairi linapoteza mzunguko upesi kuliko gari linavyopunguza mwendo, huiamuru valvu izuie upepo usizidi kuingia kwenye chemba ya breki, kisha iutoe nje, na tairi likishaanza kuzunguka vizuri huuruhusu upepo urudi. Mzunguko huo wa kuzuia, kutoa na kurudisha hutokea mara kadhaa katika sekunde moja, na ndiyo sababu mtu aliye karibu husikia tela likipumua kwa vishindo vifupi.

Kazi yote hiyo imetegemea umeme dhaifu mno. Ukiinua tairi kwa jeki na kulizungusha kwa mkono, nusu mzunguko kwa sekunde, sensa isiyo na kasoro hutoa takribani volti 0.2 tu. Umeme mdogo namna hiyo hauna nguvu ya kupenya kutu, na maji ya tope yakikaa kati ya pini mbili huvuja humo kabla ya kuifikia kompyuta. Kompyuta ikikosa ishara inayoiamini huiondoa kazini sehemu inayohusika au mfumo mzima, huwasha taa, na breki hubaki zile za upepo za kawaida. Gari litasimama, lakini fikiria tela tupu likishuka mteremko mkali wa Kitonga kwenye lami iliyolowa, matairi ya kichwa yakilindwa na ABS yake huku ya tela yakijifunga: tela huacha mstari na kutaka kumpita dereva wake ubavuni. Kompyuta ya kichwa mara nyingi hukaa ndani ya kabini, mahali pakavu. Ya tela imefungwa kwenye chesisi, inarushiwa maji na matairi, na kila wiki inapigwa na mashine ya kuoshea yenye presha.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa fedha, mwambie muuzaji achomoe kila plagi, umulike ndani kwa tochi. Pini ziwe zimenyooka na ziking'aa, mpira uwepo na uwe bado laini, kufuli la plagi lifunge na kutoa mlio, na matundu yasiyotumika yawe na vifuniko vyake, kwa maana tundu moja lililoachwa wazi linatosha kuiua kompyuta nzima. Ukikuta plagi imejazwa silikoni, inuse. Ile yenye harufu ya siki hutoa asidi inayokula shaba, na aliyeipaka aliharakisha kutu aliyodhani anaizuia.

Sasa nipange chaguo zenyewe. Nafasi ya kwanza ninaipa kampuni ya WABCO, ambayo tangu 2020 imo chini ya ZF ya Ujerumani, na sifichi kwamba ninaipendelea. Mfumo wake wa VCS II umeunganisha kompyuta na valvu katika umbo moja, hivyo nyaya kati ya viwili hivyo hazipo nje za kuoza. Hitilafu unaweza kuisoma kwa kuhesabu taa inavyopepesa, bila kuhitaji kompyuta ya fundi, na kwa kuwa matela mengi ya mtumba kutoka Ulaya yamekuja nao, mipira na plagi zake hupatikana. Kwa semi ya ekseli tatu, mpangilio wa sensa mbili na valvu mbili, ulioandikwa 2S/2M, unatosha kwa kazi ya kawaida. Ekseli isiyo na sensa hufuata amri ya ile yenye sensa.

Ya pili ni Knorr-Bremse ya Ujerumani. Ubora wake sina neno nao, na kampuni yenyewe huuza vifaa ilivyovikarabati kiwandani kwa jina la EconX, jambo ninalolipendekeza kwa asiyeweza kununua kipya. Ila mafundi ninaowajua wenye programu yake ya kusomea hitilafu ni wachache. Ya tatu ni Haldex ya Sweden, iliyonunuliwa na SAF-Holland mwaka 2023, ambayo ningeichukua kama tela lilikuja nayo tangu kiwandani.

Vilivyoigwa, visivyo na jina wala namba ya kueleweka, sivipi nafasi.

Angalizo kwa wenye matela mapya zaidi: kama lako ni la EBS, yaani breki za upepo zinazoongozwa kwa umeme, usikubali kuuziwa kompyuta ya ABS eti zinafanana. EBS hupima pia uzito wa mzigo na kuamua kiasi cha upepo kila mara breki inapokanyagwa, na ikibadilishwa ni lazima iingiziwe vipimo vya tela hilo kwa programu.

Plagi nyingine inayosahaulika ni ile ya waya wa msokoto kati ya kichwa na tela, ya kiwango cha ISO 7638. Wa ABS una pini tano na wa EBS una saba, mbili za ziada zikiwa za mawasiliano ya data. Nyaya mbili zinazolisha valvu zinapaswa kuwa na unene wa milimita 4 za mraba, na nyingine 1.5. Nimekata waya mmoja wa bei rahisi kwa kisu nikakuta zote ni nyembamba sawa, na umeme ukishuka njiani kompyuta hulalamika ingawa haina kosa lolote.

Wauzaji wetu nao wana yao. Kompyuta hung'olewa kwa kukatwa nyaya sentimita chache kutoka kwenye plagi, kisha wewe huambiwa uziunge mwenyewe kwa utepe. Wapo wanaokushauri uchomoe balbu ya onyo ili dereva "asisumbuke," na ushauri huo hutozwa kama ufundi. Yule aliyeniuzia mimi, nilipomrudia, alikataa kurudisha hata robo ya fedha kwa hoja kwamba kifaa kilitoka dukani kikifanya kazi. Kisha akafungua droo, akanitolea mipira na vifuniko vya plagi vilivyokuwa vya kompyuta ile ile, alivyokuwa amevivua ili aviuze kando.