Makumbusho ya Nubia, Aswan: msiipite!

Jamani mkienda Misri msiishie Cairo na piramidi, shukeni mpaka Aswan, mji wa kusini, mwingie Makumbusho ya Nubia, yani ile nchi ya kale ya kusini mwa Misri na kaskazini mwa Sudan. Yamefunguliwa 1997 na mimi nayapa nyota tano bila kufikiria.

Ukiingia tu unakutana na sanamu la firauni Ramses II, refu karibu mita 8, limetoka hekalu la Gerf Hussein ambalo Wamisri walijenga huko huko Nubia, yani hapo unaona kabisa kwamba walishatawala kule wakawa wanachukua dhahabu. Lakini sasa ukiendelea unafika kwenye kichwa cha Taharqa na hapo ndo nilisimama mda mrefu, maana huyu ni mfalme wa Kush, ufalme wa kale wa Wanubia, aliyekuwa firauni wa Misri yote kuanzia 690 hadi 664 KK, nasaba ya 25 yani ukoo wa 25 wa mafirauni, mtu mweusi kabisa wa kusini, na hao wafalme wa Kush walimwabudu Amun, mungu wa Wamisri, wakajenga na piramidi zao kwao. Shuleni hatukufundishwa hii kitu, inaniuma kweli.

Kuna na farasi wenye mapambo ya fedha toka makaburi ya kale ya Ballana huko Nubia, wazuri sana.

Sehemu ya picha za vijiji vilivyozama kwa ajili ya bwawa la Aswan ilinitoa machozi.

Kosa langu nilienda na kampuni ya utalii iliyotupa saa moja tu, haitoshi kabisa, nendeni wenyewe jioni kukipoa mpate na kutembea bustanini.