Blade Runner 2049: kwa nini wengine waliipenda na wengine wakasinzia

Karibuni watazamaji. Leo tunaichambua Blade Runner 2049 ya Denis Villeneuve, iliyotoka Oktoba 2017 kama mwendelezo wa ile ya Ridley Scott ya 1982.

Wikendi ya kwanza kule Marekani, CinemaScore, kampuni inayopima maoni ya watazamaji, waliwauliza watu wakitoka ukumbini, nao wakaipa A-. Alama nzuri sana. Lakini tiketi ziliuzwa chini ya matarajio, na bajeti yake haikupungua dola milioni 150. Walioingia waliridhika, wengi hawakuingia kabisa.

Lalamiko kubwa ni urefu wake, dakika 163. Mimi nalaumu matangazo. Mabango yalimweka Harrison Ford sambamba na Ryan Gosling, trela ikajaa milipuko, kumbe Ford anatokea baada ya zaidi ya saa moja na nusu! Ukikaa kumsubiri yeye, lazima uchoke. Hii ni hadithi ya upelelezi: ofisa K (Gosling) anakuta mifupa iliyozikwa chini ya mti, halafu anafuata nyayo taratibu.

Lalamiko la pili linahusu wanawake, na lina uzito. Joi, mpenzi wa K, ni hologramu, bidhaa inayouzwa na kampuni. Filamu inatuonyesha ubaya wa biashara hiyo, ila kamera nayo inaukodolea macho mwili wake kupita kiasi.

Picha hazina mpinzani. Mpiga picha wake, Roger Deakins, alipata Oscar mwaka 2018, na ile Las Vegas ya vumbi la rangi ya chungwa ni sababu tosha ya kuitazama. Ndiyo maana inauma kuona watu wakiiharibu kwenye televisheni zao. Zima modi ya picha ya Vivid, ile ya rangi kali, weka ya sinema, na uzime kile kipengele cha kulainisha mwendo, maana kinafanya kila kitu kionekane kama tamthilia ya studio. Funga mapazia, kwa sababu matukio ya usiku ni meusi kweli. Muziki wa Hans Zimmer na Benjamin Wallfisch unanguruma huku maneno yakisemwa kwa sauti ya chini, hivyo kwa spika za televisheni peke yake, washa maandishi.

Anza na ile ya kwanza, toleo la Final Cut la 2007, lisilo na sauti ya msimulizi. Kisha tazama katuni fupi ya Shinichiro Watanabe, Black Out 2022. Ukiiruka, utabaki unajiuliza rekodi za zamani za kompyuta zilipoteaje.

Na ukifika pale darajani, tangazo kubwa la Joi linapoinama kuzungumza na K, usiguse simu. Sikiliza linamwita nani. Ni jina lile lile ambalo Joi wake wa nyumbani alimpa kwa mapenzi. Mtazame K usoni hapo, kisha ujiulize kama yale mapenzi yalikuwa ya kweli.