Uzoefu wangu: miezi kumi na Majivu, mbwa wa kituoni

Nianze na nyota, maana najua wengine mtaishia hapo: nne kati ya tano. Moja nimeibana, na sababu ipo chini.

Ninaishi Arusha na wazazi wangu, kwenye nyumba yenye ua wa michongoma. Mwaka jana wezi wa kuku walituingilia mara mbili, mzee akasema tutafute mbwa. Kwa kawaida huku kwetu mbwa hatafutwi. Unamdokeza jirani, jike lake likizaa anakuletea kitoto kwenye boksi la sabuni, yamekwisha. Mimi ndiye niliyeleta neno la kwenda kituo cha kuokoa wanyama, kwa sababu mwenzangu kazini alichukua paka huko akanisifia. Jina la kituo sitalitaja, kwa kuwa nina sifa zao na nina lawama pia, na watu wenyewe wanajitahidi.

Nilikwenda nikidhani naenda kununua, nikajikuta nimekaa kama mtu anayeomba kazi. Nani anabaki nyumbani mchana? Ua una mapengo? Mkienda kijijini Krismasi, mbwa mnamwachia nani? Mtamfunga mnyororo? Mzee akajibu bila kufikiri, "Mchana tu, usiku tunamfungulia." Dada wa mapokezi akafunga daftari taratibu. Akatueleza kwa adabu kabisa, shikamoo zote zikiwa zimeshatolewa, kwamba mbwa wao hawaendi kwenye mnyororo. Mzee akatoka kwenda kukaa kwenye gari. Njia nzima ananung'unika: mbwa, mnyama anayezurura kila jalala, leo tunamwombea kibali!

Wiki iliyofuata walimtuma kijana kuja kuona nyumba. Alizunguka ua mzima, akawa anaisukuma michongoma kwa mguu hadi akaipata njia ya kuku ambayo sisi wenyewe tulikuwa hatuijui. Tukaiziba kwa mabati. Nadhani hapo ndipo mzee alipolainika kidogo, kwa vile yule kijana alimwonyesha wezi walipopitia.

Tulilipa shilingi 60,000. Ndani yake kulikuwa na chanjo ya kichaa cha mbwa, chanjo ya distempa na parvo (magonjwa ya virusi yanayoua mbwa), dawa ya minyoo na upasuaji wa kufunga kizazi. Kwa bei za mjini, upasuaji peke yake ungezidi hapo. Kwenye pesa sina neno.

Mbwa sikumchagua. Mtu akifika pale kwanza huulizia Jemani Shepadi, na mimi nilikuwa mmoja wao, siwadanganyi. Dada akasema, "Nyumba yenu imetulia. Nina mmoja nadhani atawafaa." Akatuletea jike la kienyeji, la rangi isiyoeleweka, shingoni limezungukwa na kovu lisiloota manyoya. Alikutwa nyuma ya gereji amefungwa kwa waya wa umeme, na waya umezama kwenye nyama. Tena alikuwa na ule uvimbe wa sehemu za siri ambao mbwa huambukizana wakipandana. Unatibika vizuri, ila kwa subira: walimchoma dawa ya vinkristini kwenye mshipa mara moja kwa wiki, wiki sita mfululizo. Alishamaliza miezi minane kituoni na hakuna aliyemtaka.

Kitu nilichokithamini kuliko vyote ni karatasi moja ya daftari, imeandikwa kwa mkono: mambo anayoyaogopa. Fagio la chelewa. Mlio wa mkanda ukifunguliwa. Mlango kubamizwa. Na la mwisho: "Mtu akiinama kuokota kitu chini, atakimbia." Nililisoma hilo mara mbili. Sisi tuliokulia mtaani tunajua kwa nini mbwa humkimbia mtu aliyeinama. Ukitaka kumfukuza mbwa hata jiwe huhitaji, unajifanya tu unaokota. Nimeifanya mara ngapi nikitoka shule, tukicheka. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, lakini hakuna aliyewahi kutufundisha kwamba ule haukuwa mchezo.

Nyumbani hakutaka banda tulilomjengea. Alikwenda moja kwa moja kwenye jiko la kuni la uani, akajikunja kwenye jivu lililopoa, akakaa hapo siku kumi na moja, ukiacha usiku mmoja nitakaousimulia chini. Ndiyo jina likatoka. Kituoni waliniambia nihesabu siku tatu aache kutetemeka, wiki tatu azoee ratiba ya nyumba, miezi mitatu ajione yuko kwao. Kwa Majivu zidisha. Wiki ya kwanza hakula mtu akimtazama; mama alikuwa anaweka ugali na dagaa, anageuka na kuimba wimbo wa kwaya mpaka asikie bakuli linasukumwa sakafuni. Kumgusa kichwani bila yeye kuinama kwa woga, nilifika mwezi wa tano. Siri yenyewe ni kukaa chini, kumpa ubavu badala ya uso, na kuacha mkono wako utulie hadi aje mwenyewe. Anayetaka mbwa wa kumrukia kwa furaha siku ya kwanza asipitie njia hii.

Sasa lawama. Usiku wa nne watu walifyatua fataki za harusi, Majivu akaruka ua (hakupita chini, aliruka, yule mbwa tuliyemdhania mgonjwa). Nilipiga namba ya dharura waliyonipa mara tisa. Haikupokelewa. Tulizunguka na tochi mpaka saa nane usiku, asubuhi tukamkuta nyuma ya banda la mchoma nyama, amelala juu ya jivu. Kituo kilinipigia kesho yake saa nne, wakaomba radhi: namba ile hushikwa na mtu mmoja, na siku hiyo alikuwa safarini. Namba isiyopokelewa usiku si ya dharura, ni mapambo.

Lawama ya pili ndogo: kitabu cha chanjo hakikuwa na tarehe ya sindano ya kichaa. Bwana mifugo wa mtaani akakataa kubahatisha, akamchoma upya, na sasa tunarudia kila mwaka. Nilipomuuliza kama distempa nayo ni ya lazima kwa mbwa wa kienyeji, akanikumbusha kwamba mwaka 1994 ugonjwa huohuo uliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, na mbwa wa vijiji vya jirani ndio waliodhaniwa kuwa chanzo. Nikamwambia achome zote.

La tatu silihesabu kama lawama, kwa sababu wasingeweza kulijua. Kwenye ile karatasi hapakuwa na neno gambuti. Mwezi wa pili, kijana anayetuletea maziwa alikuja siku ya mvua amevaa gambuti nyeusi. Majivu, ambaye hatukuwahi kusikia sauti yake, alitoa mlio wa ajabu, akajikojolea, kisha akaanza kubweka kama kawehuka. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nilipowaeleza kituoni, dada akanyamaza kidogo, halafu akasema ile gereji ilikuwa jirani na sehemu ya kuoshea magari. Waosha magari huvaa gambuti.

Na hapo ndipo panapohusu wanaotaka mlinzi. Majivu si mlinzi. Mgeni akiingia, yeye anakwenda jikoni kwake. Mwizi wa kuku akija na ndala atapita salama salimini. Anachobwekea duniani ni gambuti peke yake. Mzee, ambaye yote haya yalianza kwa ajili ya kuku wake, ameshanunua kufuli kubwa na kuliacha suala hilo. Jioni hukaa kwenye kigoda uani akisikiliza redio, na Majivu hujilaza umbali wa hatua nne. Si tatu. Mzee akisogeza kigoda, naye anasogea. Anasema mbwa yule ana heshima kuliko wajukuu zake.

Kituo bado hupiga simu kila mwezi kuulizia hali, na mara moja walikuja bila taarifa, jambo ambalo mwanzoni liliniudhi. Mkataba unasema tukishindwa tumrudishe kwao, tusimgawe. Hatujashindwa.

Kijana wa maziwa tulimweleza habari yote. Hakucheka. Siku za mvua anavulia gambuti zake nje ya geti, anaingia na ndala ambazo mama amemtundikia kwenye msumari, upande wa ndani.