Maziwa ya asubuhi: umpe mchuuzi au uyapeleke ushirika?

Ukifuga ng'ombe wawili watatu Chanika au Goba, pembezoni mwa Dar es Salaam, njia ni mbili. Mchuuzi anakuja na dumu lake alfajiri, analipa taslimu, kupima kwake ni kwa macho tu. Raha hiyo. Balaa ni masika: majani tele, kila zizi lina maziwa, naye anashusha bei au haonekani kabisa. Niliwahi kugandisha lita 12 za mtindi kwa siku moja. Majirani walikunywa hadi wakaanza kunikwepa.

Ushirika una usumbufu wake: laktomita ya kugundua maziwa yaliyotiwa maji, kipimo cha spiriti cha kuona kama yameanza kuchacha, malipo ya kusubiri. Umetia maji? Unaumbuka mbele ya foleni. Ila kiwanda kinakuwa chenu. Wafugaji wa Kaira, India, walianzisha ushirika wao mwaka 1946, wamechoka na mnunuzi mmoja aliyejipangia bei. Walianza na vijiji viwili, lita 247 kwa siku. Mwaka 1955 wakafungua kiwanda cha kukausha maziwa ya nyati wa kufugwa kuwa unga, na ziada ya msimu ikapata pa kwenda. Ndiyo Amul hiyo, chapa kubwa ya maziwa ya India.

Mwenye ng'ombe mmoja abaki na mchuuzi. Wakifika watatu, mimi ningeingia ushirika, na lita za jioni ningemwachia mama wa chai hapo kona.