Kibanda cha migebuka Kibirizi: unakula, unashiba, na tabia inanyooka

Kama uko Kigoma na unauliza ule wapi samaki jibu langu ni moja tu, shuka Kibirizi, karibu na pale maboti ya kwenda hifadhi ya sokwe ya Gombe na vijiji vya kaskazini yanapopakia, kuna kibanda cha bati chenye mlango wa bluu uliopauka, hakina jina wala bango, ila ukimuuliza mtu yeyote "kwa mama wa migebuka" unapelekwa mpaka mlangoni. Mi nakula pale muda mrefu sasa. Na naandika hii kwa moyo wote, kwa sababu najua watu wengi tunalipia semina za kujiendeleza, na ni nzuri sizikatai, lakini pale kwa bei ya sahani ya ugali unafundishwa subira, unyenyekevu na kuachana na simu, alafu juu yake unashiba. Mwalimu mwenyewe kashika mwiko.

Tuanze na msosi maana ndo uliotupeleka. Mgebuka anavuliwa usiku kwa taa, wavuvi wanawasha taa huko katikati ya ziwa, dagaa wanafuata mwanga na migebuka wanafuata dagaa, asubuhi maboti yanarudi na jua halijawa kali mama keshapata wa kwake wako kwenye beseni. Anampasua kupitia mgongoni, chumvi na ndimu, anambanika taratibu juu ya makaa mpaka ngozi ikauke na ianze kupasuka pasuka, hapo ndo anamshusha kwenye rosti la mawese, nyanya, kitunguu na pilipili mbuzi moja nzima ambayo haipasui, inaachwa ielee tu itoe harufu. Mawese yale yanakusalimia kabla hujafika mlangoni. Ugali ni wa muhogo, ule unaovutika, na pembeni kuna sombe, yaani kisamvu, iliyotwangwa vizuri haina nyuzi. Yaani nyama ya yule samaki inaachia mfupa yenyewe ukiigusa na kidole, hailazimishwi.

Sasa neno la kwanza unaloweza kukutana nalo pale ni "hakuna". Usiku wa mbalamwezi taa ya mvuvi haifui dafu mbele ya mwezi, samaki hawakusanyiki, kwa hiyo siku kadhaa wavuvi wanapumzika na kushona nyavu, na mgebuka mbichi hapatikani. Kuna kaka mmoja alikuja kikazi kutoka Dar, kapanda boda toka mjini, kafika kaambiwa leo hakuna mgebuka, akaanza kupandisha sauti, ooh nimetoka mbali, ooh mngekuwa mnatangaza, ooh huduma gani hii. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, akamjibu kwa upole kabisa, "Baba, mwenye kosa yuko juu huko, atatoka saa moja jioni, ukae umsubiri umwambie mwenyewe." Kibanda kizima tulicheka, na yule kaka mwenyewe akacheka mpaka akafuta machozi, akaagiza dagaa wakavu na sombe, akala, akaomba nyongeza.

Mi ile niliondoka nayo. Sikuhizi mtandao ukikata au mzigo ukichelewa njiani najiuliza kwanza, hapa kuna mtu wa kufokea au ni mwezi tu? Mara nyingi ni mwezi. Na nikishajua ni mwezi natafuta sombe yangu naendelea na maisha, na kichwa kinabaki kimetulia siku nzima, hii kitu inafanya kazi kweli kweli, ijaribuni.

Alafu kuna kusubiri. Ugali wake hausongwi asubuhi ukakae kwenye hotipoti mpaka saa nane, anasonga kidogo kidogo kadri watu wanavyokuja, kwa hiyo unakaa kwenye benchi na njaa yako unatazama sufuria. Mchana mmoja kijana alikuwa anauliza kila baada ya dakika, mama bado? mama bado? Mzee mmoja muuza kamba za nyavu akamgeukia akamwambia, "Mjukuu wangu, pale Gombe yule mama mtafiti Jane Goodall alifika mwaka 1960, akakaa milimani miezi anasubiri sokwe wamzoee tu, we unashindwa kusubiri ugali ambao hata haukukimbii?" Kijana akanyamaza kimya. Mzee akaona bado anamtazama akaongeza, "Na yeye hakuwa anamuuliza sokwe bado." Aisee. Mimi naipenda sana Kigoma kwa mambo kama haya, mtu anatoa mfano wa kilichopo nyuma ya kilima chake.

Kitu kinachonigusa kuliko vyote ni kunawa. Pale hamna bomba, kuna jagi na beseni, na utaratibu wake ni kwamba aliyekaa mwisho wa benchi ndiye anayewanawisha wenzake, hauulizwi cheo. Meza ni moja ndefu, kwa hiyo mbeba mizigo wa mwaloni, dereva boda, mwalimu, karani, dada muuza vitenge, wote begani kwa bega. Nimeona bosi wa ofisi ya mjini, shati jeupe, saa ya kung'aa, kaangukia mwisho wa benchi, akaangalia jagi, jagi likamwangalia, mama akasema tu "baba wenzio wana njaa". Akainuka. Akawamwagia maji vijana waliotoka kupakia magunia ya dagaa, mmoja mmoja, mikono ile yenye magamba na mafuta, na vijana wakawa wanamwambia "asante mzee, asante mzee", alipofika wa mwisho alikuwa anatania nao na kuuliza bei ya dagaa mwaloni imefikaje. Alikula akiongea nao mpaka mwisho. Sasa niambie semina gani itamfanya bosi na vijana wa mizigo wafike hapo kabla hata sahani haijashuka.

Na kwa vile shati lilikuwa jeupe, mama alimfunga kanga kifuani. Hiyo ni sheria, mwenye nguo nyeupe anafungwa kanga, hajalishi ni nani, kwa sababu mawese yakidondoka kwenye kitambaa cheupe rangi ile ya chungwa hutoi leo wala kesho. Wengine mwanzo wanaona aibu, alafu samaki akishuka wanasahau. Kanga yenyewe ina maandishi yaliyofifia, huwezi kuyasoma tena, imefunga vifua vya watu wengi mno.

Nije kwenye simu. Ukishaanza kula mkono wa kulia wote umejaa mawese, na mgebuka una miiba yake, lazima jicho liwe kwenye sahani. Dereva boda mmoja simu yake ikaita ipo juu ya meza. Akaiangalia. Akajaribu kuivuta kwa kiwiko, ikasogea. Akajaribu kuminya kwa kidole kidogo cha mkono wa kushoto, ikakata, ikaita tena. Anahema. Mama akatoka jikoni, akafuta mkono kwenye kitenge, akapokea yeye, "Haloo, huyu yuko anakula mgebuka, akimaliza atakupigia, na wewe umekula?" Kumbe ni abiria anamsubiri maeneo ya Mwanga, mjini. Abiria akauliza kwani mgebuka upo leo? Akaambiwa upo. Basi yule abiria akapanda boda nyingine akaja kula, wakakutana pale pale mezani, wakamaliza, wakaondoka pamoja kwa boda ile ile ya kwanza.

Mi sitaki kulizungusha hili. Dakika ishirini bila kugusa simu ni kitu ambacho wengi wetu tunakiahidi kila mwaka mpya na kinashindikana, na pale kinatokea chenyewe kwa sababu ya mawese tu. Nimeanza hata nyumbani, tunakula kwa mkono, simu ziko kabatini, na watoto wanaongea mambo ambayo nilikuwa siyasikii. Mdogo kanielezea ugomvi wa darasani wote mwanzo mwisho na nani alianza. Hiyo nimeitoa Kibirizi.

Na huyu mama hayumbi. Mwaka 2024 serikali ilipofunga uvuvi Ziwa Tanganyika miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane, wengi tulijua atafunga. Hakufunga. Akaweka maharage ya nazi, sombe, kuku siku ya gulio, na kila mteja akilalamika anamwambia "na samaki nao wana watoto". Ziwa lilipofunguliwa watu tulipanga foleni mpaka nje.

Mapungufu yapo na nitayasema maana mapitio ya sifa tupu hayamsaidii mtu. Saa saba mchana lile bati linachemka, unakula huku unatoka jasho, angalau aongeze dirisha upande wa ziwa upepo uingie. Benchi moja mguu mmoja ni mfupi, ukikaa na mtu mzito akiinuka ghafla wewe unashuka, kwa hiyo pale watu wamejifunza kuagana kabla ya kuinuka. Choo kipo mbali. Chenji ni tatizo sugu, ukitoa noti ya 10,000 asubuhi utazunguka nayo mwalo mzima. Na chumvi siku nyingine inazidi kidogo, hasa akiwa anapiga stori, nimemwambia na amekubali.

Bei, mi mara ya mwisho nimelipa 5,000 mgebuka mkubwa na ugali na sombe, siku za karibu na mbalamwezi inapanda na yeye anakwambia kabla hujakaa, hakuna kushtukizana. Nyongeza ya ugali hachaji, ila anakupa kidogo kidogo kwa sababu hataki kuona unabakiza. Ukiomba kikubwa kwa macho alafu ukashindwa, atakuja kusimama pembeni yako kimya mpaka umalize. Hasemi kitu. Anasimama tu. Nimeona mwanaume wa miraba minne akimaliza ugali huku anamwangalia kwa pembeni, na siku iliyofuata akaagiza nusu.

Nampa nyota nne na nusu, hiyo nusu niliyokata ni ya dirisha. Wahi kabla ya saa saba unusu, Jumapili anafungua akitoka kanisani. Kutoka mjini boda anapajua, usimwelekeze sana. Ukitaka kubeba ya nyumbani njoo na hotipoti lako lenye mfuniko unaokaza, maana lile rosti likimwagika kwenye boda na dereva naye anakuwa amevaa mawese.