Bafle (spika za boksi) za kusimama kwa chumba cha muziki Lubumbashi: ipi kwanza, ipi baadaye

Kama umetenga chumba cha mita 4 kwa 5 kwa ajili ya kusikiliza muziki tu, na unataka nikutajie jozi moja bila kuzunguka, nunua Triangle Borea BR08. Nyingine nitazipanga hapa chini, ila ujue mpangilio wangu unafuata nyumba zetu: kuta za matofali ya kuchoma, sakafu ya sementi au vigae, paa la mabati, na umeme unaopanda na kushuka. Bafle iliyosifiwa Paris katika sebule yenye zulia zito inaweza kukuchosha masikio ndani ya nusu saa ukiiweka Kamalondo au Katuba.

Chumba kwanza, maana pesa nyingi hupotelea hapo. Sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde. Chukua urefu wa chumba, uzidishe kwa mbili, kisha gawanya 343 kwa jibu hilo: utapata noti ya besi ambayo chumba chenyewe kitaivimbisha. Chumba cha mita 5 huvimbisha hezi (mitetemo kwa sekunde) 34 hivi, cha mita 4 hezi 43. Uzi mnene kuliko wote wa gitaa la besi, ukipigwa wazi, hutoa hezi 41. Yaani ukuta wa mita 4 umekaa jirani kabisa na noti za chini ambazo besi ya rumba huzirudia. Chumba kikiwa mraba, mita 4 kwa 4, pande zote mbili huvimbisha noti ile ile, na besi inageuka mngurumo mtupu. Ndiyo maana ninawasihi watu wasinunue bafle kubwa kuliko chumba. Wufa (spika za besi) mbili za inchi 8 ndani ya mita 3 kwa 4 hazikupi besi zaidi, zinakupa fujo zaidi.

Tofali halimezi besi, na vigae hurudisha sauti kali kama ilivyokuja. Zulia nene kati yako na bafle, pazia la kitambaa kizito, kabati lililojaa vitabu nyuma ya kiti: hivyo vitafutwe kabla ya bafle. Kama juu yako kuna mabati matupu, weka dari na pamba ya kioo juu yake. Kuanzia Novemba, mvua ikianza kupiga mabati, hakuna bafle ya nyumbani itakayoshindana nayo.

Sasa kwa nini BR08 ni ya kwanza. Ukiipa wati 1, inatoa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 92 kwa umbali wa mita 1. Bafle ya desibeli 86 huhitaji nguvu mara 4 ili ilie sawa nayo: pale ambapo BR08 inatosheka na wati 10, nyingine inadai 40. Kwa anayesikiliza kwa sola na inveta umeme wa mtaa ukikatika, hesabu hiyo si ndogo. Pili, matundu yake ya hewa yako mbele, kwa hiyo haisumbui sana ukilazimika kuisogeza karibu na ukuta. Tatu, na hili ndilo linalonigusa zaidi, ina wufa mbili kwa ajili ya besi na spika ya tatu inayoshughulika na sauti za kati peke yake. Sikiliza sebene yoyote iliyorekodiwa vizuri: gitaa la ridhimu linazunguka chini, mi-solo linajaza katikati, solo linapaa juu. Bafle dhaifu huyabandika yote matatu kuwa gitaa moja nene. Ukiweza kulifuata mi-solo peke yake tangu mwanzo hadi mwisho bila kukaza masikio, hapo umepata bafle.

Kwa chumba kidogo, mita 3 kwa 4 au pungufu, ya pili kwenye orodha yangu inapanda kuwa ya kwanza: Dali Oberon 5 kutoka Denmark. Ni fupi, sentimita 83 hivi, ina wufa mbili za sentimita 13, desibeli 88, omu 6 (ukinzani wake kwa umeme: ukiwa mdogo, ampli hubeba mzigo zaidi). Kampuni yenyewe inashauri bafle zake zitazame mbele moja kwa moja, zisigeuzwe kumwelekea msikilizaji. Anza hivyo, na kama kuta za pembeni ziko wazi, tundika kitambaa kizito pale sauti inapogonga kwanza.

Ya tatu ni Wharfedale Diamond 12.3, ya kampuni ya Kiingereza iliyoanza mwaka 1932. Desibeli 89, omu 8, haiipi ampli (kikuza sauti) shida, na sauti yake ni tulivu upande wa juu. Kama unajua moyoni kwamba zulia hutanunua na vigae vitabaki vitupu, acha BR08, chukua hii.

Klipsch RP-8000F II nimeiweka ya nne, na najua wengi hawatakubali. Kiwanda kinaandika desibeli 98, namba ninayoipunguza kidogo kichwani, lakini hata hivyo ampli ndogo kabisa inaiendesha. Twita yake, spika ndogo ya sauti za juu, imekaa ndani ya pembe kama mdomo wa tarumbeta, tundu lake la hewa liko nyuma, wufa zake ni za inchi 8. Katika zile nyumba za zamani zenye vyumba virefu na dari la juu, inafurahisha kweli, hasa kwa ngoma na tarumbeta. Katika chumba kifupi cha sementi, inakata.

Ya tano, kwa mwenye pesa kidogo, ni Sony SS-CS3. Haitashuka chini kama nilizotaja, lakini ni bafle ya kweli, na nafuu yake inakuachia pesa ya zulia na pazia. Uliza mapema kama bei unayotajiwa ni ya moja au ya jozi.

Focal Chora 826, kutoka Saint-Étienne, sikuipanga. Ni nzuri sana, ila imeandikwa omu 8 huku kwenye baadhi ya noti ikishuka hadi 2.9. Usiinunue kama huna ampli nzito iliyozoea mzigo wa namna hiyo.

Kuhusu ampli kwa ufupi: twita nyingi huungua kwa sababu ampli ndogo imelazimishwa hadi sauti ikaanza kupasuka. Na umeme ukirudi kwa kishindo, ampli ikiungua vibaya inaweza kupitisha umeme wa mkondo mmoja (DC) hadi kwenye koili ya wufa na kuichoma. Weka kifaa cha kutuliza volti, na umeme ukikatika chomoa plagi, usubiri utulie ndipo urudishe.

Mzigo mwingi hutufikia kwa barabara kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, umepakiwa na kupakuliwa mara kadhaa. Kwa hiyo boksi lifunguliwe mbele yako, utazame pembe za chini. Kama ni ya mtumba, weka vidole pande mbili za koni ya wufa, isukume ndani polepole: ikikwaruza, koili imeharibika. Multimita kwenye bafle ya omu 8 huonyesha kati ya 5 na 7 hivi. Isiposoma kitu kabisa, waya umekatika ndani. Tazama pia ukingo unaozunguka koni: wa sponji huoza na kumeguka kwa miaka, wa mpira hudumu. Na bafle nyepesi yenye taa za rangi na maandishi ya wati 3000, hiyo ni ya sherehe, iache dukani.

Kisha omba kusikiliza, na usianze na muziki wenye kelele. Mwaka 1952, Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alimrekodi Mwenda Jean Bosco akipiga gitaa na kuimba pale Jadotville, Likasi ya leo. Rekodi zile ni za mono (bafle zote mbili hupata sauti ile ile), gitaa moja na mwimbaji mmoja. Kaa katikati ya bafle mbili: Mwenda anapaswa kusimama mbele yako, katikati kabisa. Akitawanyika na besi ikapotea, waya wa bafle moja umegeuzwa, chanya kwa hasi. Akivutwa upande mmoja, badilisha nyaya nyuma ya ampli, za kushoto ziende kulia. Akihamia upande wa pili, kosa liko kwenye ampli au chombo kinachocheza muziki. Akibaki pale pale, badilishana nafasi za bafle zenyewe, na akihama nazo, mwambie muuzaji afungue jozi nyingine.